Sauti Isiyongoja

Mdogo wangu Anouar alichelewa kusema. Wakati watoto wenzake wa mtaa wetu wa Buyenzi wanatukanana barabarani kwa lugha tatu, yeye alikuwa bado anapigana na silabi ya kwanza. Anakunja ngumi, macho yanamtoka, na neno limekwama kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Mimi dada yake nilikuwa namsaidia. Akisema "ma-ma-ma," mimi namalizia: "Maji, anataka maji." Mara nyingi hakutaka maji, ila alikuwa anakunywa ili mambo yaishe. Nilijiona dada mwema sana.

Ni mtu mmoja tu aliyenikataza. Mwalimu Méthode alitufundisha kusoma sisi wote wawili katika darasa moja, kwa sababu mimi nilichelewa kuanza shule, na Anouar alianzishwa mapema ili asibaki peke yake nyumbani. Mwalimu alikuwa na mtindo wake. Anagonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole, anasema "Soma," kisha anangoja. Haangalii saa wala dirisha, anamwangalia mtoto. Nikifungua mdomo nimjibie Anouar, Mwalimu ananiinulia kidole kimoja, bila hasira, nami naufunga. Darasa zima linangoja. Nje tunasikia mafundi wa gereji wakinyoosha mabati ya magari, muuza mkate anapita, mtu anamwita mtu. Na neno lilikuwa linatoka. Wengine wameshaanza kusinzia, lakini lilitoka, na Mwalimu anasema "Ee," kana kwamba halikuchelewa hata kidogo.

Haya nimeyatanguliza ili ujue ni kitu gani Anouar alikuja kukikata alipopewa mashine.

Mwaka 2004 tulikuwa tunafanya kazi pamoja, mimi na yeye, katika mradi mmoja mdogo Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu. Ilikuwa nyumba ya kupanga. Sebuleni kulikuwa na kompyuta yangu na mashine ya kuchapa. Kazi yangu ilikuwa kupanga vijitabu vya kusomea: herufi kubwa, picha ya ng'ombe na neno inka, picha ya maziwa na neno amata, picha ya mti na neno igiti, moja moja kwa lugha ya watoto wa kule. Chumba cha ndani kilikuwa cha sauti. Tulikuwa tumefunika kuta zake kwa magodoro ili makelele ya nje yasiingie, na humo ndimo Anouar alikaa na kompyuta yake, vipokea sauti masikioni, mlango umefungwa. Mkuu wetu alikuwa Madame Consolate, mwanamke wa haraka, anayetembea na funguo mkononi hata anapokwenda chooni.

Kazi ya mradi ilikuwa kurekodi masomo kwenye diski kwa ajili ya shule za kaskazini ya mji. Walimu wengi wa kule walikuwa wanakaa mjini, na kwa vita vile, asubuhi iliyoamka na milio ya bunduki hawakuvuka kwenda kule. Wengine hawakurudi kabisa. Mwalimu aliyebaki alikuwa anashika madarasa matatu peke yake. Kwa hiyo darasa moja linafundishwa na mwalimu mwenyewe, na jingine linawekewa mashine inayotumia betri, na sauti inafundisha. Mtoto anafungua kijitabu changu. Sauti inasema: weka kidole chini ya neno la kwanza, soma. Inakaa kimya, mtoto anajaribu. Kisha sauti inalisoma lile neno, na mtoto anajua mwenyewe kama amepata ama amekosa. Wala hakuna wa kumcheka.

Sauti ilikuwa ya Mwalimu Méthode. Mimi ndiye niliyempendekeza. Alikuwa ameshastaafu, anakaa Gihosha na mke wake Mama Dative, na kila Jumapili alikuwa anasoma somo la kwanza misani; watu walisema hata waliokuja kusinzia waliamka. Alikuja kwetu na shati jeupe limefungwa mpaka shingoni, akaketi kati ya magodoro, akagonga meza kwa kifundo cha kidole, akasema "Soma," akangoja. Alifanya hivyo wiki nzima na zaidi, bila kuchoka.

Anouar naye nilimleta mimi. Kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa kushinda katika cyber za mjini akitengeneza mashine za watu. Kigugumizi kilikuwa kimepungua kwa umri, kikimrudia anapoogopa tu. Na kazi ile aliipenda kupita kiasi. Alikuwa anaondoa kikohozi, anaondoa jogoo wa jirani, anaondoa helikopta, anaondoa hata pumzi. Nilikuwa namtania: "We unataka Mwalimu asipumue?" Anacheka. Mtu anayechukia kusita kwake mwenyewe, ukimpa wembe wa kukata kusita kwa wengine, hajui pa kuishia. Lakini hilo nalisema leo. Siku zile nilikuwa nampitishia sifa mtaa mzima.

Tatizo likawa diski. Masomo yalikuwa mengi, diski tupu zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na betri za mashine zilikuwa zinaisha kabla ya muhula. Madame Consolate alikuwa analalamika kila asubuhi. Ndipo siku moja Anouar akatuita chumbani, uso unamng'aa. Alikuwa amegundua kitu katika programu yake. Kwenye kioo sauti ya Mwalimu ilionekana kama milima, na katikati ya milima kulikuwa na tambarare ndefu, mstari mtupu.

"Mulima ni sauti," alisema. "Hii tambarare ni bure. Hakuna kitu. Njo hii inakula nafasi." Akabonyeza mahali pameandikwa kwa Kifaransa kwamba ukimya uondolewe. Tambarare zikatoweka, milima ikasogeleana, ikashikana mabega.

Masomo ya muhula mzima yakaingia kwenye diski moja. Madame, asiyeelewa mambo ya kioo, aliona diski moja tu akapiga makofi. Mimi nilipiga makofi zaidi yake, kwa sababu ni mdogo wangu. Tukasikiliza somo la kwanza sote watatu tumesimama: sauti safi, hakuna kikohozi, hakuna kupoteza wakati. Tulisema limekuwa zuri kuliko mwanzo. Sisi watatu tulikuwa tunajua kusoma, ndiyo maana hatukusikia kilichokosekana. Na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, Anouar alihifadhi masomo mapya juu ya yale ya zamani, na yale ya zamani yakafutika.

Diski zikaenda kaskazini. Baada ya wiki kadhaa tukaanza kusikia maneno. Walimu wanasema masomo hayaingii. Madame akaamua twende wenyewe tukaone, na akamwomba Mwalimu Méthode aje naye, kwa heshima, ili watoto waone uso wa sauti yao. Alikuja amenyoa ndevu, na shati lile lile jeupe.

Shule tuliyokwenda ilikuwa Kinama. Mabati yalikuwa mapya, kuta zilikuwa za zamani, na madirisha hayakuwa na vioo. Mwalimu wa darasa, Spès, dada mwembamba mwenye sauti iliyokauka kwa kufundisha madarasa matatu, alitupokea kwa aibu ambayo sikuielewa. Mwalimu Méthode alikataa kiti. Aliketi kwenye benchi la watoto, nyuma, magoti yamegusa kidevu. Anouar aliweka mashine mezani, akabonyeza.

"Weka kidole chini ya neno la kwanza. Soma. Inka. Neno la pili. Soma. Amata. Neno la tatu. Soma. Igiti."

Nilijisikia kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Watoto walikuwa wameshaacha kujaribu zamani. Wenye akili nyepesi walikuwa wanaimba nyuma ya sauti bila kuangalia kitabu, kama wanavyoimba kwenye mpira. Wengine vidole vyao vilikuwa vimebaki kwenye ng'ombe wakati sauti imeshafika mwisho wa ukurasa. Msichana mmoja wa mbele alikuwa amekaza kidole chake chini ya neno la kwanza, midomo inachezacheza, anatafuta, na sauti inampita, inampita, mpaka machozi yakamdondokea kwenye kijitabu changu. Nyuma, mtoto mmoja akaigiza ile sauti: "Somainkasomaamata!" Darasa likaangua kicheko.

Spès aliinamisha kichwa. "Mutusamehe, Madame. Njo vile wanamuitaga, Mwalimu Mbiombio. Nimewakataza, lakini ni watoto."

Mwalimu Méthode hakucheka wala hakukasirika. Alisikiliza mpaka mwisho wa somo, mikono juu ya magoti, anaangalia ile mashine kama mtu anayeangalia picha yake asijitambue. Kisha akasimama, akaja mbele, akawaambia watoto, "Munisamehe." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana hapo nilikuwa nimeshaelewa. Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa anazungusha waya wa mashine kwenye vidole vyake, anaukaza, anaufungua, anaukaza. Naye alikuwa ameelewa, tena kabla yangu.

Katika gari, kurudi, Mwalimu alikaa mbele na dereva. Tulipokaribia mjini akasema bila kugeuka: "Madame, mutafute sauti ingine. Mi nilifikiri niliwangoja. Ndani ya kichwa changu nilikuwa naona kabisa niko nawangoja. Kumbe apana."

"Mwalimu, usiseme hivyo," alisema Madame, lakini alisema kama mtu anayeshukuru kwamba mwingine amesema kwanza.

"Baba yangu ilianza hivi hivi," Mwalimu akaendelea. "Alikuwa anaapa amefunga mlango, tunakuta uko wazi. Mwishowe hakutujua sisi watoto wake. Bora kujua mapema."

Nyuma, kando ya Madame, tulikuwa tumekaa mimi na Anouar, mashine iko katikati yetu. Sentensi moja tu ingetosha. Nilikuwa nayo mdomoni, Anouar alikuwa nayo mdomoni, na gari likaenda mpaka mjini, Mwalimu akashuka, akatushukuru kwa safari.

Nyumbani Buyenzi nilimngoja Anouar amalize kuswali, nikamfungia mlango.

"Utamwambia lini?"

"Nani?"

"Usinichezee. Muzee wa watu anafikiri kichwa chake kimeharibika."

Alikaa kitandani, anaangalia mikono yake. "Mutu mwenyewe amesema ni yeye," alisema polepole. "Mi sikumusingizia."

Nilitaka kumpiga kofi. Huyu ndiye niliyekuwa nampitishia sifa kwa majirani. Nilimwambia maneno ambayo dada hafai kumwambia mdogo wake, na yeye akayapokea yote, na mwisho wake akaanza kusema kitu, kikakwama. Ngumi zikajikunja kama zamani. Nilijua hata kabla hajasema kwamba haogopi kazi. Anaogopa kusimama mbele ya Madame na Mwalimu na kuwafanya wangoje neno lake.

"Se-se-sema wewe, dada," alitoa mwishowe. "We njo ulikuwa unanisemeaga tangu zamani."

Basi nikasema sawa. Kesho yake asubuhi nilikwenda mpaka mlango wa Madame Consolate. Aliinua macho. "Nini, Assia?" Nikasikia makofi yangu mwenyewe, yale niliyopiga chumbani kupita hata yeye, na nikaona uso wake atakapojua kwamba sisi ndugu wawili, tuliofundishwa kusoma na Mwalimu, ndio tuliomfanyia Mwalimu hivi. Nikaomba karatasi za kuchapia. Akanipa. Nikarudi na karatasi zangu mezani, nikakaa, mashavu yananiwaka moto. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha alikuwa ameamua kunyamaza na kupanga picha za ng'ombe.

Wiki hiyo Madame alimpata kijana mmoja mtangazaji, mwenye sauti tamu, arekodi masomo upya. Siku ikapangwa. Aliniambia kwa huruma kwamba wazee wetu tuwapumzishe sasa, wamefanya kazi yao. Nilisema ndiyo, Madame. Siku zile ile ndiyo yangu ilikuwa inatoka haraka sana.

Aliyenivunja ni Mama Dative. Alikuja ofisini amebeba mfuko wenye vijitabu ambavyo Mwalimu alikuwa amepewa, amevifunga kwa kitambaa safi. "Amesema havimufai tena," aliniambia. Halafu akanivuta pembeni ya mlango. "Assia, mwanangu, kule shuleni mulimwambia nini? Jumapili padri alimungoja kwa somo, yeye akabaki ameketi. Akaniambia, Dative, nitasimama mbele ya watu nisahau niko wapi. Miaka yote ile anasomaga. Watu waligeuka kutuangalia."

Nilipokea mfuko. Mama Dative alinishika mkono akasema tumwombee, kila mtu kwa dini yake, na hapo ndipo nilipoona uchafu wangu wote. Alikuwa ananiomba mimi dua.

Nikaingia chumba cha magodoro bila kubisha, nikamvua Anouar vipokea sauti. "Vaa viatu," nilimwambia. "Tunaenda Gihosha. Mi sitasema kitu. Lakini hutarudi nyumbani kwetu kabla hujafika kule."

Alasiri ile tulipanda kwenda Gihosha bila kusemezana. Njia nzima nilikuwa nasikia pumzi yake nyuma yangu. Yeye ndiye aliyekuwa anaondoa pumzi za watu.

Tulimkuta Mwalimu mezani, karibu na dirisha. Kijitabu kimoja alikuwa hajakirudisha. Kilikuwa wazi mbele ya mke wake, na Mama Dative, ambaye anajua kusoma vizuri kuliko mimi, alikuwa ameweka kidole chini ya neno la kwanza kama mtoto. Walishtuka kama waliofumaniwa. Mama Dative akacheka kwa aibu.

"Kila jioni ananiweka hapa," alisema. "Anasema 'Soma,' mi nanyamaza kama mutoto asiyejua, halafu ananiuliza: nimengoja? Namwambia umengoja. Hanisadiki."

"Ni juu wewe unanipenda," alisema Mwalimu. "Mwenye kukupenda hawezi kukupima." Akatuonyesha viti. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa jeupe lakini kifungo cha juu hakikufungwa. Alituuliza habari za mama yetu, habari za mtaa, kama inavyotakiwa. Kisha akamgeukia Anouar, na nikaona kwamba alikuwa na swali lake siku nyingi.

"Hapa nyumbani nangoja," alisema. "Kule, juu ya nini sikungoja? Njo kitu sielewi. We ulikuwa na mashine, Anouar. Masikio yako ilikuwa ndani ya sauti yangu siku zote. Niambie bila kunihurumia. Niliwangoja wale watoto, ao sikuwangoja?"

Akagonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole.

"U-u-u," alianza Anouar.

Shingo ilimkaza. Ngumi zikajikunja juu ya magoti. Mtu mzima mwenye ndevu, na mbele yangu nilimwona tena yule mtoto wa Buyenzi anayekunywa maji asiyoyataka. Sikuvumilia. Nilifungua mdomo nimsemee, na kabla sijatoa neno Mwalimu, bila kuniangalia, akaniinulia kidole kimoja. Nikaufunga.

Tukangoja. Nyuma ya nyumba mtu alikuwa anapasua kuni. Huko juu milimani ukasikika mlio mmoja, mbali, na hakuna aliyegeuza kichwa. Mama Dative alikuwa bado ameweka kidole chake chini ya neno. Anouar alijaribu, akaacha, akajaribu, jasho likamtoka juu ya mdomo, na Mwalimu alimwangalia tu, hakumsukuma wala hakumhurumia. Sijawahi kukaa katika kimya kirefu kama kile, na najua kwamba kwenye kioo cha Anouar kingekuwa mstari mtupu tu.

"Uliwangoja," alisema Anouar. "Uliwangoja kila mara. Ni mi ni-nilikata. Mashine inaweza kuondoa kimya yote, na mi nilibonyeza. Nilifikiri ni bure."

Mwalimu aliweka mikono yote miwili juu ya meza. "Yote?"

"Yote."

"Ile ya kwanza iko wapi?"

"Haiko. Niliandika juu yake. Na kule Kinama nilijua. Na ndani ya gari nilijua."

"Na mi nilijua, Mwalimu," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo. "Na wakati alipokata nilipiga makofi."

Mama Dative alifunika uso kwa mikono. Mabega yakamtikisika, na sikujua kama anacheka au analia mpaka aliposema, "Kichwa chako ni kizima. Mi nilikuambia kichwa chako ni kizima." Alilisema mara nyingi, na kila mara alimpiga mume wake kidogo begani.

Mwalimu hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Kile chumba chenu," alimwambia Anouar, "hakuna mutoto ndani. Iko magodoro. Mutu hawezi kungoja magodoro, hajui atangoja mpaka wapi. Basi mi nilikuwa nachukua mutoto mumoja kwa akili. Nasema 'Soma,' halafu namuona, anakunja mikono yake, anatafuta. Nangoja mpaka amalize. Akimaliza, njo nasoma neno." Akavaa miwani. "Alikuwa wewe. Mule mwote ulikuwa wewe."

Anouar aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Mimi niliangalia sakafu. Nimeshaona aibu nyingi maishani, aibu za umaskini na za vita, aibu ya kukataa kumfungulia mtu mlango kwa sababu unaogopa. Ile ya siku ile ilikuwa na uzito wake peke yake, kwa sababu tulikuwa tumepewa kitu kizuri mara mbili, mara ya kwanza tukiwa watoto na mara ya pili tukiwa watu wazima, na mara ya pili tulikiona kinakula nafasi.

"Tusamehe, Mwalimu," nilisema.

"Nitasamehe," alijibu. "Leo bado. Leo nina hasira, na hii hasira nimefurahi kuipata, juu iko na akili ndani." Akamgusa Anouar kichwani kwa kidole, si kwa upole sana. "Kesho utamwambia Madame. Mwenyewe. Assia asikusaidie."

Mama Dative alitusindikiza mpaka njiani, akatuhimiza tuwahi kabla askari hawajafunga barabara. Mbele yetu hakusema neno baya. Hilo nalo tulilibeba mpaka Buyenzi.

Asubuhi yake Madame Consolate alikuwa amesimama sebuleni, funguo mkononi, anachungulia dirishani. Yule mtangazaji kijana alikuwa njiani kuja. Anouar aliingia, akasimama katikati ya chumba, kofia ameishika kwa mikono yote miwili. Nilikuwa mezani kwangu. Nilikuwa nimeshazima kompyuta ili nisiwe na mahali pa kuangalia.

"Ma-ma-madame," alisema. "Yale ma-ma-ma..."

"Masomo?" alisema Madame. "Yamefanya nini? Maikrofoni? Imeharibika? Sema haraka, kijana anafika sasa hivi. Ni umeme?"

Anouar alinitazama mara moja, kwa mazoea, jinsi alivyonitazama tangu utotoni neno linapokwama. Nilikuwa sijawahi hata kumkatiza Madame anapozungumza. Nikamwinulia Madame kidole kimoja.

Alinishangaa. Halafu akafunga mdomo, akaweka funguo zake mezani, na tukangoja.